Nani anasoma barua ya kampuni? Njia ya kujifunza kazi ya kusaidia watu mu mambo ya sheria

Ni jioni, kazi imeisha. Baba anaingia ku nyumba, anaweka kaske chini, kisha anaweka anvelope moja ku meza. Hakuna mwenye anasema kitu. Ku anvelope kuko kashe ya kampuni, na barua ya ndani ni ya Kifransa. Baba anajua Kifransa cha ku kazi: anasoma matangazo ya usalama, anaandika rapore ya poste yake. Lakini hiki ni Kifransa kingine. Basi macho yote yanaenda kwa mutoto mwenye eko mu mwaka wa tano wa sekondari.

— Soma, mwana.

Mutoto anasoma kwa sauti: « résiliation », « faute lourde », « sans préavis ». Kutamka anajua, walimu walimufundisha muzuri. Lakini wakati mama anauliza, « Sasa inasema tufanye nini? », mutoto ananyamaza. Na baba naye ananyamaza. Anvelope inawekwa juu ya kabati, « tutaona kesho ».

Hiyo jioni tunaijua. Wengi kati yetu tulikulia mu kampi za wafanyakazi, ku Kolwezi, ku Likasi, ku Kipushi, ku Lubumbashi, na huyo mutoto tulikuwa sisi. Na tumeona namna hiyo « kesho » inakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka, na haki ya mutu inapotea juu ya kabati.

Leo tunataka kuzungumuza na nyinyi, wazazi na vijana, juu ya kazi ya mutu mwenye anajua kujibu ile swali la mama. Watu wengi wanazani kazi ya sheria ni kuvaa kanzu nyeusi na kusema maneno makubwa mbele ya juji. Kumbe kazi inaanza mbele ya hapo, na inaanza na vitu viwili: kuchunga karatasi na kuhesabu siku. Hivyo viwili mutoto wa muchimbaji anaweza kuvijifunza. Muchimbaji mwenyewe pia anaweza.

Siku zinakimbia, franga nazo zinakimbia

Turudie ile barua. Mutu mwenye alijifunza kazi ya kusaidia watu mu sheria, akiipata mu mikono, haanze kulaumu kampuni na haanze kumulaumu baba. Anauliza kwanza: « Papa, walikupatia hii barua siku gani? » Anaandika hiyo tarehe. Kisha anauliza: « Ile jambo lenye wanasema ulifanya, lilifanyika siku gani, na shefu alilijua siku gani? »

Juu ya nini? Juu Kode ya kazi ya inchi yetu, ile sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kampuni yenye inataka kufukuza mutu juu ya kosa kubwa inapashwa kumujulisha kwa barua mu siku 15 za kazi, kuanzia wakati ilijua lile jambo. Tuchukue mufano. Kamio iligongwa tarehe 3 Machi, shefu aliona siku ile ile, na barua imetoka tarehe 10 Aprili. Siku 15 zimepita zamani. Lakini musaidizi muzuri hafurahi mbio mbio. Anauliza tena: « Hapo katikati, hawakukupatia barua ingine, ya kukusimamisha juu ya uchunguzi? » Juu hiyo barua inaweza kugeuza hesabu. Mutu mwenye hakujifunza anasahau kuuliza hilo swali, na ku tribinali avoka wa kampuni anatoa hiyo karatasi kama silaha.

Tuseme sasa hakuna kosa kubwa, kampuni inafunga kontra tu. Hapo kuko « préavis », njo wakati wa kutangulia kumujulisha mutu. Artikle ya 64 inasema, kwa kontra yenye haina mwisho, isipungue siku 14 za kazi, na kwa kila mwaka muzima wenye mutu alitumika wanaongeza siku 7. Baba mwenye alitumika miaka 8: mara 8 kwa 7 ni 56, weka na 14, ni siku 70 za kazi. Siku ya kupumuzika ya kila juma na sikukuu za serikali hazihesabiwe. Hiyo ni hesabu ya mwalimu wa darasa la tano. Lakini ni nyumba ngapi zilipokea siku 14 tupu, zikasema « merci, patron »?

Na kuko hesabu moja yenye kuuma kuliko zote. Mutu mwenye anadai mushahara wenye haukulipwa, Kode inamupatia mwaka 1 tu, kuanzia siku ile mushahara ulipashwa kulipwa. Madai mengine mengi yenye kutoka mu kontra yako na miaka 3. Lakini mushahara, mwaka 1. Sasa angalieni namna mambo inaendaka: mutu anaenda ku biro, wanamuambia, « Rudia mwezi wenye kuja, papa. » Anarudia. « Shefu hayuko. » Anarudia tena. Eko na heshima, hataki kelele. Miezi 14 inapita. Siku yenye anaamua kushitaki, wanamufungulia Kode mbele ya macho: umechelewa. Hakuna mwenye alimuiba kwa nguvu. Ni kalandari njo ilimuiba. Kurudia-rudia ku biro na kulalamika kwa mudomo hakusimamishe siku. Kinachosaidia ni karatasi: barua yenye tarehe, yenye imepokelewa na kutiwa kashe, na kupeleka jambo mapema kwa inspekta wa kazi.

Kwanza inspekta, kisha juji

Hapa kuko kitu kingine chenye watu wengi hawajue. Jambo la kazi halipelekwe ku tribinali moja kwa moja. Artikle ya 298 ya Kode inasema: mbele ya yote, mambo inapita kwa inspekta wa kazi wa eneo, yeye anaita pande mbili na kujaribu kuwapatanisha. Wakipatana, wanaandika karatasi ya mapatano. Wakikosa kupatana, wanaandika « procès-verbal de non-conciliation ». Hiyo karatasi njo ufunguo wa mulango wa tribinali. Ukienda bila hiyo, juji hatasikiliza hata neno moja, hata kama uko na haki kabisa.

Sheria ingine ya siku ile ile, nambari 016/2002, njo iliweka tribinali za kazi. Mule hakukae juji peke yake. Pembeni yake kunakaa watu wawili: mumoja anatoka upande wa wafanyakazi, mwingine upande wa wenye kazi. Mahali tribinali ya kazi bado haijasimamishwa, mambo inaenda ku « tribunal de grande instance ». Na kama juji anaona kazi ilifungwa bila sababu ya kweli, mufanyakazi anaweza kurudishwa ku kazi yake. Ikishindikana, anaweza kulipwa franga ya fidia, na artikle ya 63 inaweka mupaka: isipite mishahara ya miezi 36.

Muliona? Katika hayo yote, kanzu nyeusi bado haijaonekana. Ilionekana kalamu, kalandari na farde.

Ngazi iko na vidato vine

Sasa kijana anauliza: « Nikitaka kufanya hii kazi, nipite wapi? » Tunapenda kujibu bila kudanganya. Iko sawa ngazi ya vidato vine, na kila kidato kiko na kazi yake na mupaka wake.

Kidato cha kwanza ni delege wa sendika. Huyu anachaguliwa na wafanyakazi wenzake, hapana kampuni. Haitaji diploma ya universite. Anapashwa kujua kusoma Kode, kujua « convention collective » ya kampuni yake, na kujua kuandika ripoti ya mukutano. Sendika zinafundishaka madelege wao, mu semina za siku chache. Papa mwenye eko delege na anafuata hizo semina kwa bidii, huyo tayari ameanza njia. Shida ni moja: wengi wanaenda ku semina juu ya perdieme, wanarudia na buku mupya yenye hawataifungua.

Kidato cha pili ni parajuriste. Huyu ni mutu wa kartie. Mashirika ya haki za watu ndiyo yanamufundisha. Anasikiliza watu, anawaonyesha biro gani ya kwenda, anawasindikiza, anawasaidia kuandika barua. Hawezi kutetea mutu mbele ya juji, na hapashwe kujiita avoka. Wamama wengi wanafanya hii kazi muzuri kabisa, juu wao njo wanajua nani mu kartie amefukuzwa, nani amefiwa, nani analala njaa lakini anaficha.

Kidato cha tatu ni « défenseur judiciaire », tumuite mutetezi. Kuanzia hapa ni kazi ya kweli yenye sheria yake. Ile sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, nambari 79-028, njo inapanga maavoka na watetezi pamoja. Mutetezi anafungwa na tribunal de grande instance moja, na anatetea watu mule na mu tribinali za amani za eneo lake. Ku kuur dapel hapandi. Kwa desturi, watetezi ni watu wenye walimaliza graduat ya droit, ile miaka 3 ya zamani, kisha wakafanya staji. Kwa familia yenye haina nguvu ya kulipa miaka mingi ya masomo, hiki kidato kilikuwa mulango muzuri, na watoto wengi wa wafanyakazi walipita pale.

Kidato cha nne ni avoka. Mu mupango wa zamani, miaka 5 ya droit: graduat 3, lisanse 2. Kisha anaapa, anaingia ku « barreau » kama stajere, anafuata avoka mukubwa miaka 2, njo jina lake linaandikwa mu tabló. Maavoka wako pia na biro ya kusikiliza masikini bila malipo, « bureau de consultations gratuites ». Wengi wetu tunapita mbele ya barreau bila kujua hiyo biro iko.

Kwa wazazi, kuko jambo la kuangalia. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 universite zetu zimeingia mu mupango mupya wenye wanaita LMD: lisanse sasa ni miaka 3, na master ni miaka 2. Neno « lisanse » halimaanishe tena kitu kile kile. Kwa hiyo, mbele ya kulipa minervale ya kwanza, baba ao mama aende yeye mwenyewe ku sekretaria ya fakulte, kisha ku grefe ya tribinali ao ku barreau, aulize: « Leo munaomba diploma gani juu ya kuwa mutetezi? Na juu ya kuwa avoka? » Asiulize ku terase. Aulize ku biro yenyewe, na aandike jibu.

Wanafundishwa nini?

Tusiwaogopeshe vijana na Kilatini. Vitu vya maana ni vichache, lakini vinaomba uvumilivu.

Kwanza, Kifransa cha karatasi. Mutoto mwenye anataka hii kazi asome kila siku ukurasa mumoja wa Kode, na aeleze kwa Kiswahili kwa watu wa nyumba. Kama mama hakuelewa, hata mutoto bado hajaelewa. Hakuna mutihani munguvu kuliko huo.

Pili, kuandika. Barua ya madai si wimbo wa kilio. Inasema nani, lini, wapi, ngapi, na inaomba nini. Mustari ya « nateseka na watoto wangu kumi » haifanye kazi kuliko mustari ya « mushahara wa Juni na wa Julai haujalipwa ».

Tatu, kupanga dosie. Karatasi ya zamani chini, ya mupya juu, kila moja na nambari, na orodha mbele. Original haitoki, inatoka kopi. Ku kabine ya avoka, kijana mwenye anajua kupanga dosie na kupiga barua ku mashine bila makosa anapata kazi mbele ya mwenye anajua kusema sana.

Ine, kunyamaza. Watu watakuambia mambo ya nyumba zao, magonjwa yao, madeni yao. Ukiyapeleka ku nzanda, kazi yako imekufa, na wewe umemuumiza mutu mara ya pili.

Zoezi moja la kazi ya siku kwa siku

Tuwapatie zoezi sawa lile mwalimu angeandika ku tabló. Linahusu vijana wengi wenye wanatumika kwa kampuni ndogo zenye zinafanya kazi mu kampuni kubwa za mine.

Kijana anaitwa asubuhi, anatumika, jioni ao mwisho wa juma wanamulipa. Hana kontra. Machi alitumika siku 11, Aprili siku 13. Mu Mei wanamuita tena, lakini siku ya tatu anaumia mukono, na wanamuambia: « Wewe uko wa siku kwa siku, hatukujue. » Swali: je, ni kweli?

Jibu liko mu artikle ya 40. Mutu mwenye aliandikwa kwa siku, akitimiza siku 22 za kazi mu muda wa miezi 2, wakimutumikisha tena mbele ya hiyo miezi 2 kuisha, sheria inamuhesabu kama mutu wa kontra yenye haina mwisho. Na musaidizi mwenye anasoma muzuri anaona pale maneno mawili yenye kugeuza yote: siku 22, na « mbele ya miezi 2 kuisha ». Hapo ataanza kuhesabu: 11 na 13 ni 24, siku 22 zimefika. Lakini Mei? Inategemea siku ya kwanza ya Machi ilikuwa gani. Kama alianza tarehe 10 Machi, miezi 2 inaisha tarehe 10 Mei. Je, walimuita mbele ya tarehe 10 ao kisha? Siku moja tu inaweza kupima maisha ya kijana.

Na atahakikisha namna gani, hana kontra? Kode inamuruhusu mufanyakazi kuonyesha kwa kila njia kwamba alitumika. Basi tutafute: beje ya kuingilia, buku ya kuandika walioingia, mesaje za franga ku telefone, picha akiwa na kaske na jina la kampuni, wenzake wawili wenye walishuka naye. Kijana huyo alikuwa na ushuhuda wote mu mufuko wake, hakujua paka jina lake. Na kama aliumia ku kazi, kuko tena CNSS, kasha ya inchi ya kusaidia wafanyakazi. Nayo inaomba karatasi, na inaomba mapema.

Mama mujane na mufuko wa karatasi

Tusifikiri ni kazi ya wanaume tu. Wakati mufanyakazi anakufa, anayebaki na karatasi ni mama. CNSS iko na pansio ya wale wenye wamebaki, mujane na watoto, lakini inauliza: karatasi ya ndoa iko wapi? Karatasi za kuzaliwa za watoto ziko wapi? Ndoa ya kimila ilifanyika, mbuzi ilitoka, wazee walikunywa, lakini hakuna mwenye alienda ku « état civil » kuiandikisha. Mutoto alizaliwa ku hospitali, lakini ile siku 90 ya kumuandikisha bila kulipa ilipita. Ndugu za marehemu wanafika na maneno mengi. Mama eko na machozi tu.

Ku kila kartie, kukiwa mama mumoja mwenye alifundishwa na mwenye anapita ku nyumba mbele ya kifo, anasema, « Dada, ndoa yenu iliandikwa? Mutoto huyu eko na karatasi? », atasaidia wajane wengi kuliko avoka kumi wenye wanaitwa kisha maziko. Ndiyo maana tunasema kwa wababa: sendika ikileta semina, ao shirika likitafuta parajuristes, musiandike tu majina ya wanaume.

Na wachimbaji wa mikono?

Wachimbaji wa mikono watasema: « Sisi hatuna kontra, hatuna inspekta. Hiyo haituhusu. » Inawahusu kabisa, lakini karatasi zao ni zingine. Kode ya mine, ile ya 2002 yenye iligeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inaomba muchimbaji wa mikono awe na karte yake, na awe mu koperative yenye imekubaliwa na serikali. Basi mwenye anajua kusoma mu kikundi asome sheria za ndani za koperative: nani anachagua wakubwa, franga ya makato inaenda wapi, mutu akifia mu shimo familia inapata nini. Na kila mara munauza, muchunge bon ya kilo na ya bei. Mizani ikibishaniwa, mwenye eko na bon zake mu farde njo mwenye anasikilizwa.

Wenye wanauza njia ya mufupi

Mbele ya kila tribinali kuko watu wenye wanangojea. Wanavaa muzuri, wanakuita « papa yangu », wanajua jina la juji. Wanasema: « Nipatie franga ya kuanzia na hizo karatasi zako, mambo itaisha mu siku mbili. » Wapo pia wenye wanauza « breve ya sheria » kwa vijana: juma mbili, franga kidogo, kisha karte yenye picha na bendera.

Semina ya juma mbili inaweza kukufundisha vitu vya maana, hatuidharau. Lakini hakuna semina ya juma mbili yenye inakupatia haki ya kutetea mutu mbele ya juji. Mwenye anakuambia vile anakuuzia tumbo ya samaki bila samaki. Na wewe mwenye kutafuta musaada, uliza vitu vitatu: jina lako limeandikwa ku tabló gani? Utanipatia risiti? Utabaki na kopi, mimi nibaki na original? Mutu wa kweli hakasirike na hayo maswali.

Kazi hii haitajirishe mbio. Stajere wengi wanapita miaka bila kulipwa muzuri, wanatembea na miguu toka kabine mupaka ku tribinali. Mwenye anatafuta motokari mwaka wa kwanza, atafute kazi ingine. Na kuko hatari ingine: mutoto wa kampi akishajua sheria, kampuni nayo inaweza kumuita aiandikie zile barua. Si zambi, ni kazi. Lakini asisahau jioni yenye alisoma ya baba yake.

Wazee wetu wanakumbuka ile « départs volontaires » ya Gécamines ya mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka na franga ya mwisho. Mabishano juu ya ile hesabu yalidumu miaka na miaka. Kila wakati tunapozungumuza na wale papa, swali linarudia lile lile: ile siku ya kutia sahihi, nani alikuwa pembeni yenu mwenye anaelewa karatasi? Wengi walikuwa peke yao na kalamu.

Basi leo jioni, mbele ya kulala, tufanye kazi ndogo. Tununue farde moja. Ndani tuweke kontra ya baba, fishi zote za mushahara tangu ya zamani, karte ya CNSS, karatasi ya ndoa, karatasi za kuzaliwa za watoto. Ku mutoto mwenye anajua kusoma tumupatie kalamu na kaye: aandike kila karatasi, tarehe yake, na nani aliipatia. Hiyo itakuwa staji yake ya kwanza. Labda itaishia pale, labda miaka kumi kisha tutasikia jina lake likiitwa ku tribinali.

Na siku anvelope ingine itakuja ku meza, mutoto hatasoma tu. Atageuza anvelope, atauliza, « Papa, walikupatia hii leo? », na ataandika tarehe juu yake. Hapo mama akiuliza tufanye nini, mu nyumba kutakuwa mutu wa kujibu.